Mpira wa Juu ni wa Nani

Kipenga nilikivuta kikiwa bado mdomoni mwa kocha. Kamba ikakatika shingoni mwake, kipenga kikabaki mkononi mwangu kimelowa mate, na wazazi wote waliokuwa wameketi kwenye nyasi wakanigeukia. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni, tena amelala.

Kocha alikuwa ametoka kumsimamisha binti yangu mbele ya timu nzima, nyuzi za hospitali zingali mdomoni, amwombe msamaha nahodha. Kosa lake: alimzibia njia.

"Sema kwa sauti," alimwambia. "Wote wakusikie."

Kwa sauti! Yeye, aliyemkataza hiyo sauti!

Huku Remera, mtaa wetu wa Kigali, watoto wengi wanacheza kandanda. Wangu akachagua besiboli, akanifundisha jikoni huku namenya ndizi.

"Mama, mpira ukipigwa juu, mtu akaudaka kabla haujagusa chini, aliyepiga ametoka. Na wenzake waliokuwa wanakimbia lazima warudi kwanza kwenye vituo vyao."

"Hata kama wamefika mbali?"

"Hata kama."

"Huo uonevu."

"Si uonevu. Nani aliwaambia wakimbie kabla hawajajua utaangukia wapi?"

Akanieleza na lile jambo ambalo baadaye lilinitoa damu ya moyo. Anayekimbilia mpira wa juu macho yake yako mbinguni, hamuoni mwenzake. Kwa hiyo lazima aite, "Wangu!", kwa nguvu zote, wengine wampishe. Na anayecheza katikati kule nyuma akiita, wa pembeni wanamwachia. Binti yangu ndiye aliyekuwa wa katikati. Nahodha, kijana mkubwa anayemzidi kichwa kizima, alikuwa pembeni.

Siku moja mpira ulipaa kati yao. Binti yangu akapaza sauti, "Wangu! Toka!" Nahodha akasimama, yeye akaudaka. Safi kabisa. Nikapiga vigelegele kama niko harusini. Kocha akamwita kando.

"Yule ni mkubwa wako. Msichana hafokei kaka zake. Hapa tunaanza na ikinyabupfura, mpira unafuata."

Ikinyabupfura, adabu. Hapa Kigali ukilitaja neno hilo hakuna mzazi wa kubisha. Mama mmoja pembeni yangu aliitikia kwa kichwa kama yuko kanisani.

Mechi iliyofuata mpira ukapaa tena palepale. Binti yangu hakuita, amekatazwa. Nahodha naye hakuita. Tangu lini mkubwa akaomba njia? Wakakimbia wote wawili, macho juu. Paji la uso la kijana likakutana na mdomo wa mwanangu, na ule mlio niliusikia hadi pale nilipoketi. Mpira ukaanguka kwenye nyasi, hakuna wa kuudaka. Jino la mbele likavunjika. Jino la utu uzima, halioti lingine.

Usiku ule nilimuuliza, "Mpira uliuona?"

"Niliuona."

"Mbona hukuita?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Si kocha alisema?" Halafu akanishika mkono. "Usinitoe kwenye timu, Mama. Ila nisikae benchi. Nirudi katikati."

Maana kocha alikuwa amemwondoa. Eti mwoga, hafungui mdomo.

Sasa nikawa nimesimama mbele ya huyo kocha, mate yake mkononi mwangu.

"Mama, rudisha kipenga. Unajiaibisha."

"Ule mpira ulikuwa wa nani?"

"Wewe hujui besiboli."

"Kwa hiyo nifundishe. Wa katikati na wa pembeni wakiufuata, ni wa nani?"

"Mjibu, kocha!" baba mmoja akapiga kelele toka nyuma. "Au mtihani ni mgumu?" Watu wakacheka. Kocha hakucheka. Nikamrushia kipenga chake, akakikosa.

"Kama una malalamiko," akasema akiinama kukiokota, "andika, peleka kwa kamati."

Alidhani sitaandika. Nimesoma sekondari, kuandika naweza. Niliandika hivi:

"Kwa kamati ya klabu. Mimi ni mama wa mchezaji aliyevunjwa jino. Namlalamikia kocha. Alimkataza mtoto kuita mpira wa juu kwa sababu ni msichana na ni mdogo, kisha akamwadhibu kwa kuwa alinyamaza. Nataka mambo mawili. Binti yangu arudishwe katikati. Na kocha mwenyewe, mbele ya wazazi, awaambie watoto kwamba mpira wa juu unaitwa na yeyote, kwa sauti yote aliyopewa na Mungu, hata kama pembeni yake yuko mkubwa wake. Mpaka mtakaponijibu, kila mpira utakaopaa kumwelekea nitauita mimi toka kwenye nyasi, na anayetaka kufundisha adabu aje anifundishe mimi."