Kikombe cha Ibra

Hivi karibuni nililala Ibra, mji wa Omani, katika nyumba kongwe ya udongo iliyogeuzwa kuwa ya wageni. Asubuhi waliniachia dele la kahawa, na harufu ya iliki ilipotanda nikakitambua kile chumba.

Nilikuwa mdogo, ndiyo kwanza tumetoka Unguja. Alasiri moja Bibi alinipeleka pale kumwamkia shangazi yake, kisha akaenda kusali, akaniacha naye. Yule ajuza alivaa barakoa nyeusi iliyomficha uso, wala hakujua Kiswahili. Alinimiminia kahawa. Nikanywa, maana kwetu kukataa ni utovu wa adabu. Akamimina tena. Nikanywa tena. Nilisikia mchanga ukikwaruza mlango, na kahawa ikishuka kikombeni. Nikaamini ni jini, na kwamba nitakaposhindwa kunywa ndipo atakaponichukua.

Bibi alirudi akanikuta nalia.

"Kitikise kikombe, mwanangu," alisema akicheka. "Usipokitikisa, atajua bado wataka."

Safari hii nilikunywa kimoja tu. Nilikuwa peke yangu, mlango nimeufunga. Hata hivyo, kabla ya kukiweka chini kikombe nilikitikisa, tena sana, nisije nikasikia kahawa ikimiminwa.