Tulipiga Kura Juu ya Miguu ya Mbwa wa Mke Wangu

Aliyemharibu Shaba ni mimi. Si joto la Durban, si chakula, wala si jicho la mtu. Ninalitanguliza hilo kwa sababu nimesikia wanaume wazima wakimtafuta mkosaji mwingine, na sauti iliyosikika zaidi katika utafutaji huo ilikuwa yangu.

Niliitumikia mahakama ya wilaya katika nchi yangu mpaka nikastaafu. Hapa Isipingo, kusini mwa Durban, wananiita Mzee Katibu, ingawa mimi ni mwenyekiti, jambo ambalo nimelisahihisha mara nyingi bila mafanikio.

Chama ninachokiongoza ni cha mbwa wa mbio, wale wembamba wa miguu mirefu, wanaowinda kwa macho badala ya pua. Warundi, Wakongo na Watanzania, tunakutana kila Jumamosi uwanjani. Mashine huvuta kitambaa, mbwa hukikimbiza, hakuna sungura anayeumia. Hakuna aliyekikaribia kitambaa kile kama Shaba.

Shaba ni wa mke wangu, Mama Jeanne. Alimkuta katika soko la Warwick, mahali anapouzia vitenge, mtoto wa mbwa aliyefungwa kwa kamba kwenye mkokoteni wa mchukuzi. Akamlea kwa ugali na vichwa vya samaki. Uwanjani nilikuwa nasema "mbwa wangu". Uongo wote uliofuata ulianzia hapo.

Mwenzetu mmoja, Papa Freddy wa Lubumbashi, huwinda sungura usiku katika mashamba ya miwa kwa taa kali ya betri. Akaomba kumwazima Shaba. Wanachama wakagawanyika. Wengine walisema mbwa akizoea mawindo ya usiku, mbio zake za mchana zinakufa. Wengine wakacheka.

Mtu mwenye akili angemwendea aliyewahi kufuga mbwa wa namna hiyo. Sisi tuliliweka suala hilo katika ajenda, kati ya usafi wa uwanja na mengineyo.

"Mzee, macho ya mbwa iko ileile," Papa Freddy alinisihi. "Usiku ao mchana, miguu haiangalie saa."

Tukapiga kura, zikalingana. Kura ya mwenyekiti ikaamua. Nikasimama, nikatangaza kuwa imeamuliwa kwamba uwindaji wa usiku hauathiri mbio za mchana. Imeamuliwa! Kana kwamba msuli wa mbwa husubiri maazimio ya kikao.

Nyumbani nilimkuta Mama Jeanne akichambua mchele. Hakuinua kichwa. "Baba Jeanne, huyo mbwa usiku analala miguuni pangu. Kama usiku hatalala, atalala saa ngapi?"

Nikamjibu kwamba suala hilo limekwishaamuliwa na kikao halali.

Basi Shaba akawa anaondoka jua likizama na kurudi alfajiri, manyoya yamejaa vishada vya nyasi, kucha zimelika. Asubuhi alilala kando ya bakuli la maji bila kulimaliza. Ruhusa ya mwenye mashamba hatukuwa nayo. Mimi, mtu wa mahakama, sikuuliza, ili nisilazimike kujua.

Jumamosi ikafika. Kitambaa kikaondoka, wenzake wakafyatuka. Shaba alikimbia hatua chache, akasimama, akageuka. Akamwendea Papa Freddy na kuukodolea macho mkono wake.

"Huyo anadai posho ya usiku," Mtanzania mmoja akasema, na uwanja mzima ukacheka.

Papa Freddy akaeleza kwa fahari. Usiku humulika sungura, Shaba hukimbia ndani ya mwanga. Taa ikizimwa, maana yake mawindo yamekwisha, naye hurudi mkononi. "Nilimufundisha bien, muzuri kabisa," alisema. "Hakuna taa, hakuna kazi."

Mchana ule hapakuwa na taa. Kwa Shaba, hapakuwa na mawindo. Jibu la swali letu lilikuwa limesimama mbele yetu kwa miguu minne, likihema, nami sikulitaka. Nililolitaka ni azimio langu lisiaibike.

Nikasema ni ukaidi tu. Nikaagiza akimbie tena, Papa Freddy akimbie pembeni yake akipiga ule mluzi wa mawindo.

Hata yeye alisita. "Mzee, jana usiku alikimbia sana. Tuache."

Nilimkumbusha kwamba chama kilikwishaamua kuwa usiku hauathiri.

Shaba alikimbia. Alitii, yeye ambaye hakualikwa katika kikao chochote. Kwenye kona alilia mara moja, akaanguka. Msuli wa paja ulikuwa umechanika. Daktari wa mifugo alisema mnyama aliyechoka hupasuka hivyo, na kwamba atatembea, lakini mbio basi.

Mama Jeanne hakunifokea. Alimfunika mbwa kwa kitenge, kisha akaniuliza, "Kwenye kikao chenu, kuna aliyeuliza mbwa ni wa nani?"

Hakukuwa na aliyeuliza. Sasa Mama Jeanne yuko mtaa wa Point kwa binti yetu Jeanne, yeye na Shaba. Nikipiga simu anapokea kwa adabu, ananiambia mbwa anaendelea vizuri, basi. Habari zake mwenyewe hanipi.

Wenzangu wangali wanajadiliana. Huyu analaumu upepo wa baharini, yule anasema tumerogwa na chama cha jirani. Wanaume wenye ndevu! Na mimi ndiye niliyewapa mfano.

Kwa ajili ya usahihi, niseme hivi. Mbwa mmoja si ushahidi wa mbwa wote. Huenda yupo anayewinda usiku, akapumzishwa ipasavyo, na mchana akakimbia vyema. Lakini wa kwetu tulimnyima usingizi, tukamfundisha kuingoja taa, kisha tukamlaumu kwa kujifunza. Wewe unayefuga mnyama, usimchoshe ili ushinde ubishi. Na kama ni wa mkeo, muulize mkeo.

Kwa hiyo natoa madai rasmi. Mwenyekiti wa chama chetu avuliwe madaraka na aitwe kujieleza kwa kutoa idhini ya mali isiyo yake, na kwa kumlazimisha mnyama aliyechoka. Papa Freddy naye ajibu kuhusu mashamba ya watu, na kila aliyeinua mkono upande wetu asimame aonekane. Kikao hicho kifanyike mchana, mbele ya Mama Jeanne, mwenye mbwa, na yeye ndiye aulizwe kwanza. Mimi nitaketi mahali pa mshtakiwa, na sitakuwa na kura.