Wodi Ilibaki na Mimi Tu

Siku wodi ya wazazi ya Kibuta ilipokuwa na mkunga mmoja tu na mzazi mmoja tu, wote wawili walikuwa mimi.

Cheka ukitaka. Mimi sikucheka.

Ilikuwa 1954, enzi za Mwingereza. Nilitoka kwetu Mlandizi na cheti cha chuo cha ukunga na mimba ya pili. Mume alikuwa kazini reli, Tabora. Mwanangu wa kwanza, Biasha, nilimwacha kwa bibi yake.

Pale wodini nilikuta wahudumu watatu. Mkubwa wao Bi Mwanamvua, mdogo wao Siwema. Walifua, walipika uji, walishika migongo ya wazazi. Mchana tulikula sinia moja.

Kisha akaja Bwana Mfaume, karani wa baraza la wenyeji lililotulipa.

"Kuanzia mwezi ujao wahudumu mtajitolea. Kumsaidia mzazi ni huruma ya kike. Huruma haina mshahara."

"Na wewe kuandika ni huruma ya kiume?" Bi Mwanamvua akamuuliza.

Kesho yake waligoma. Walivuka barabara, wakakaa barazani kwa Bi Mwanamvua wakisuka ukili wa mikeka. Waliapa: hakuna kukanyaga kizingiti cha wodi mpaka ajira irudi.

"Dada mkunga, huji?" Siwema aliniita.

"Ajira yangu haijaguswa. Hayo hayanihusu."

"Haya. Bakia na vitanda vyako."

Nikabaki navyo kweli. Wazazi waliwafuata wao, wakazalia majumbani. Karani naye akawaambia wakubwa: mkunga yupo, wodi iko wazi, mgomo gani?

Mgomo wao ulikwama kwangu. Nilijua.

Hakuna aliyenitukana. Heri wangenitukana.

"Shikamoo, Bi Mwanamvua."

"Marahaba." Macho yanarudi kwenye ukili.

Nilipika kwenye kijisufuria, nikala peke yangu. Nilitandika upya vitanda ambavyo hakuna aliyevilalia, ili tu nisikie shuka zikipigapiga.

Adhuhuri moja uchungu ukanishika, kabla ya wakati.

Nikapapasa tumbo. Kichwa kilikuwa juu, chini ya mbavu. Mtoto anatanguliza makalio.

Mtoto wa namna hiyo hujizalishi mwenyewe. Nilisomea hilo.

Nikapiga ukelele dirishani. Wote watatu waliacha ukili, wakakimbia. Mlangoni wakasimama ghafla.

"Ingieni!"

"Tumeapa," alisema Bi Mwanamvua. Mikono ameinyoosha ndani, miguu iko nje. "Toka, mwanangu, tukupokee."

"Mtaniacha nife kwa sababu ya kiapo?"

"Tungetaka ufe tungekuwa bado tunasuka. Toka!"

Nikatoka. Kitanda kwa kitanda, nikishika vyuma. Nilipofika kizingitini walinidaka, wakanivusha barabara.

Mwanangu alizaliwa kwenye mkeka wa wagomaji. Siwema alinishika mgongo. Bi Mwanamvua alipokea miguu, nikamwambia asivute, akanijibu, "Nyamaza, sukuma." Mtoto akalia.

Jioni ile karani alimleta mkaguzi Mzungu, amwonyeshe wodi inavyofanya kazi.

Mlango wazi. Vitanda vimetandikwa. Hakuna mtu.

"Mkunga yuko wapi?" karani akapaza sauti.

"Naye amegoma!" Siwema akajibu toka barazani, akicheka.

Karani akavuka barabara, mkaguzi nyuma yake. "Mama, mwambie ukweli. Umekuja kuzaa tu, sivyo?"

Neno moja, ningebaki na kazi yangu. Nikatazama mikono ya Bi Mwanamvua, haijaoshwa bado.

"Nimegoma," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu adhuhuri."

Wodi isiyo na mtu haifichiki. Kabla ya mwezi kwisha, ajira za wahudumu zilirudi.

Yangu haikurudi. Nilirudi Mlandizi na mtoto mgongoni, cheti sandukuni, na njia nzima sikuwa na wa kuzungumza naye.

Lakini mchana ule wa mwisho nilikula sinia moja na wenzangu, na Bi Mwanamvua alinisogezea mnofu.

Ndugu yangu, usiseme "hayanihusu" haraka. Kwanza jiulize: siku ukipiga ukelele, nani ataacha ukili wake?