Fundi Aliyeona Ukungu Akasema Safi

Saa nne asubuhi, fundi magari ambaye wote humwita Sikio amesimama kwenye kaunta ya duka la vifaa vya umeme akiwa na kikombe cha bati mkononi. Ndani ya kikombe, kwenye kitako chake, amebandika kipande cha gazeti, ukurasa wa matangazo madogo madogo, zile herufi za kuumiza macho. Anataka kamera ya waya, ile yenye kichwa chembamba na taa mbele, ambayo mafundi huipenyeza ndani ya injini waone kilichomo bila kuifungua.

"Mzee, kamera si supu uitie kwenye kikombe," muuzaji anasema, na wateja wawili wanacheka.

Fundi hacheki kwa sababu hajasikia. Anasogeza tu kikombe mbele.

Muuzaji anapaza sauti. "Chukua hii! Ndiyo yenye picha kali kuliko zote! Tazama pikseli zake!" Anagonga kidole kwenye namba kubwa iliyochapwa juu ya sanduku.

"Namba nilishainunua mwaka juzi," fundi anajibu. "Leo nataka kuona."

Baada ya mabishano ya kutosha, masanduku mawili yanafunguliwa. Waya wa kamera ya namba kubwa unaingia kwenye kikombe, na kwenye simu ya fundi herufi zinakuwa uji. Akiuvuta nyuma kiasi cha kiganja, zinasomeka vizuri ajabu. Kisha anaingiza ile ya namba ndogo, iliyokuwa imetupwa rafu ya chini. Kichwa chake kikiwa upana wa kidole tu kutoka kwenye karatasi, yanatokea maneno: nyumba inapangishwa. Anachukua hiyo.

"Ndani ya silinda hakuna nafasi ya kurudi nyuma," anamweleza mwandishi wa gazeti wakiwa njiani. "Ukuta uko hapa, puani. Kamera inayoona vizuri kwa mbali ni ya kupigia picha za harusi. Kwanza uulize inaanza kuona umbali gani, pili kichwa chake kinapita tundu la plagi? Namba iwe ya tatu. Tena namba nyingine ni za kubandika tu, picha ndogo imevutwa ikawa kubwa, kama mtu mfupi aliyevaa koti la kakaye."

Hayo yote ameyajua akiwa amechelewa, na ndiyo yanayomkereketa.

Jina la Sikio alilipata ujanani. Alikuwa akiegemeza bisibisi kwenye injini inayonguruma, mpini wake ukiwa sikioni, na kabla hujamaliza kueleza shida ya gari lako alikuwa ameshaitaja. Watu walitoka mitaa ya mbali kumfuata. Leo ana miaka hamsini na nane, na miaka zaidi ya thelathini ya nyundo, misumeno ya chuma na injini zisizo na ekzosi imemaliza kazi yake. Kinachobaki masikioni ni mluzi mmoja mrefu usiokata.

Hakumwambia mtu. Mkewe, anayeuza vipuri kwenye chumba cha mbele cha gereji, aligundua mwenyewe. "Sauti ya redio ilipanda kila wiki," anasema. "Nikajua mume wangu anaondoka kidogo kidogo huku amekaa palepale. Nikimwambia aende hospitali ananijibu mafua."

Kamera ya kwanza aliinunua ili imfichie aibu hiyo. Mteja angeona fundi wa kisasa, si fundi asiyesikia. Akachagua yenye namba kubwa kuliko zote, na kwa miezi michache mambo yalikwenda. Mabomba, nyuma ya dashibodi, chini ya gari: picha ilikuwa kali hadi wapita njia wakasimama kutazama.

Ndipo mdogo wake akaleta pikapu.

Huyo ni mdogo wake wa mwisho. Baba yao alipofariki, Sikio ndiye aliyemlipia shule, akamfundisha kuendesha na kumsaidia kupata hiyo pikapu ya kubebea vigae. Mdogo mtu hakuwahi kuipeleka kwa fundi mwingine hata kubadilisha oili.

"Kaka, inakwaruza ndani," alisema siku hiyo. "Na inakula oili."

Fundi aliegemeza bisibisi, akasikia mluzi wake mwenyewe. Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Akaweka bisibisi chini, akachomoa plagi, akapenyeza waya. Simu ikaonyesha kijivu, ukungu mtupu.

"Safi," akasema. "Nenda kapakie."

Pikapu ilifika katikati ya mlima ikiwa na vigae tele. Ringi ya pistoni ilikuwa imevunjika na kuchimba ukuta wa silinda. Injini ikakwama, gari likarudi kinyumenyume hadi ukingo wa barabara. Mdogo mtu, aliyekuwa akiendesha, alivunjika mkono. Vigae vyote vilivunjika, na mwenye duka la vigae akatafuta gari lingine la kumbebea.

Tangu hapo mdogo mtu hajakanyaga gereji. Ni mwaka wa pili sasa. Fundi hataki pikapu wala wateja waliopungua. Anamtaka mdogo wake.

"Walioandika lile sanduku ni waongo," anasema akiwa amerudi gereji, sauti ikipanda bila yeye kujua. "Wameniharibia ndugu."

Mkewe anaweka chini boksi la plagi na kumkabili, ili mumewe apate kumsoma midomo. "Sanduku halikusema safi. Wewe ndiye uliyesema."

Fundi anafunga gereji mapema, anachukua kamera mpya, na wote wawili wanaelekea kwa mdogo mtu, mwandishi akiwafuata. Pikapu ingali uani kwake, injini haijaguswa. Fundi anataka kuingiza waya huo na kuona kama mkwaruzo ungeonekana siku ile kwa kamera iliyo sahihi. Kwa nini, hata yeye hawezi kueleza vizuri. Labda anataka walau watazame kitu kimoja pamoja.

Mdogo mtu anafungua geti nusu. Mkono wake wa kulia haukunjuki sawasawa.

"Shikamoo kaka," anasema kwa sauti ya chini.

Fundi anamwinamia. "Umesemaje?"

"Nimekuamkia."

"Ee?"

Mdogo mtu anamwangalia kaka yake usoni, kisha shemejiye, ambaye ameinamisha kichwa. "Tangu lini hasikii?"

"Siku nyingi," mke anajibu. "Kabla ya ile safari."

"Kwa hiyo hakuisikia." Anasema polepole, kama mtu anayejihesabia kosa la mwingine. "Nilikuja kwa sababu ya sikio lake, shemeji. Angeniambia tu hasikii, ningepeleka kwingine, na jioni tungekula wote." Anavuta geti. Akiwa amekwisha kugeuka anasema, "Mwambie asije tena hapa."

Komeo linaingia. Fundi anamgeukia mkewe. "Amesemaje?"

Mke anarekebisha mtandio wake. "Amechoka leo."

"Basi nitarudi Jumapili," fundi anasema, uso umemkunjuka. "Jumapili huwa amepumzika. Hata asiponiruhusu kugusa gari, tutakaa." Anatangulia njiani, waya wa kamera umekunjwa vizuri kwapani, anatembea haraka kuliko alipokuja.

Mkewe anabaki nyuma hatua chache.

"Andika yote, na hilo la mwisho," anamwambia mwandishi bila kushusha sauti, maana hakuna haja. "Mimi yamenishinda kumwambia. Gazeti anasoma kila siku, macho yake bado mazima."