Mpini wa Nne

Krii-i-i, kimya kidogo, halafu ko! Hata leo mtu akivuta geti lenye kutu mahali fulani hapa Ujiji, mwili wangu unasubiri ile ko. Ilikuwa sauti ya waya mrefu uliotoka kwenye kibanda cha ishara cha baba yangu, ukapita juu ya vigurudumu vidogo pembeni mwa reli, ukaenda kushika mkono wa ishara uliosimama mbali kule kwenye kona. Baba akivuta mpini ndani ya kibanda, waya ulilia njia nzima, na mwisho wake ule mkono mwekundu ukaanguka, ko, dereva akajua njia ni nyeupe, aingie Kigoma. Mkono ukiwa umenyooka, asimame. Nilipokuwa na miaka tisa niliamini kabisa kuwa treni haina akili hata kidogo, ni kitu kikubwa kijinga kinachomngoja baba yangu akiambie la kufanya, na nilijivunia jambo hilo mpaka wenzangu darasani wakanichoka.

Msimu ninaoukumbuka ni wa mvua za Desemba. Shule zilikuwa zimefungwa, na mama alikuwa amepanda Kalinzi kumuuguza bibi, kwa hiyo baba hakuwa na mtu wa kuniachia. Watoto walikatazwa kupanda kibandani, lakini alinipitisha asubuhi na mapema chini ya koti lake la mvua, akiniambia nitembee pamoja na miguu yake. Tulikuwa tunacheka wote wawili ndani ya koti. Kibanda kilisimama juu ya nguzo, kina madirisha ya vioo pande tatu, na humo ndani kulinukia grisi, mafuta ya taa, mbao zilizolowa na chai ya tangawizi ya baba. Upande mmoja uliliona ziwa, upande mwingine maghala ya bandari, na katikati reli zikigawanyika na kukutana kama nywele zinazosukwa. Mipini ilikuwa minane, mirefu kunishinda. Kulikuwa na simu ya kuzungusha mkono, nayo ikilia baba alisimama wima kama anayeitwa na mkubwa. "Haloo! Ndiyo, mlete. Njia ipo." Kisha alijipangusa mikono, akashika mpini kwa kitambaa, akaegemea nyuma kwa mwili mzima. Mimi nilikuwa nimeshaamua: nikikua nitakuwa mtu wa ishara, mwanamke wa kwanza, na nitavaa kofia.

Sasa nieleze habari ya kitambaa kingine, kilichokuwa kwenye mpini wa nne, maana ndicho kilichotuharibia. Mpini wa nne ulikuwa unafungua njia inayopita kando ya ghala la saruji. Mabehewa yakiwa yamesimama pale yanapakuliwa, haikuruhusiwa kuuvuta, na ili mtu asisahau, ilitakiwa kuvishwa pete ya chuma kwenye shingo ya mpini. Ukiiona pete, huugusi. Pete ya kibanda chetu ilikuwa imevunjika zamani. Baba aliandika barua kuomba nyingine, akaambiwa asubiri, akaandika tena, akaambiwa asubiri. Basi yeye na mwenzake wa zamu wakajitafutia njia yao: kipande cha khanga ya mama, kilichofungwa mafundo mawili kwenye mpini wa nne. Mabehewa yakifika, funga. Yakiondoka, fungua. Walifanya hivyo miaka mingi, na hakuna aliyewauliza.

Siku hiyo ilikuwa mchana, mvua inapiga vioo mpaka maghala yakawa hayaonekani. Baba alishuka kwenda kupaka grisi vigurudumu vya waya. Nikabaki peke yangu na mipini yangu. Nikakitazama kile kitambaa, kilivyokuwa cheusi kwa mafuta, kinanuka, nikamwonea huruma baba kuwa na kitu kichafu namna ile mbele ya macho yake kutwa nzima. Nikafungua mafundo. Nikashuka na kipande cha sabuni hadi kwenye bomba lililokuwa nyuma ya ngazi, nikakifikicha kwa moyo wote. Nilitaka akirudi akute kinang'aa, aseme, "Eh, mwanangu!" Huo ndio uovu wangu wote. Mpaka sasa nikiupima sipati mwingine.

Nilikuwa bado bombani niliposikia simu ikilia juu, na miguu ya baba ikikimbilia ngazi ya upande wa pili. Nikasikia, "Ndiyo, mlete." Nikasikia waya ukilia. Ko. Hata hapo sikuelewa. Nilikuwa napanda ngazi na kitambaa changu kinachodondosha maji pale injini iliyoingia kwa njia ile ilipoyagonga mabehewa ya saruji kule ndani ya mvua. Kishindo kilipita kwenye ngazi, kikapita kwenye meno yangu, na baada yake mtu mmoja akaanza kulia kwa sauti ambayo sitaiandika.

Baba aliutazama mpini. Halafu akanitazama mimi mlangoni, akakitazama kitambaa mkononi mwangu. Hakunipiga, wala hakupaza sauti. Alikichukua, akakikamua maji dirishani taratibu kama anayefua nguo zake, akakitia mfukoni.

"Nenda nyumbani. Pita njia ya nyuma, usipite kwa watu."

"Baba, nilikuwa nakifua…"

"Leo hukuja hapa. Umenisikia? Leo hukuja."

Aliyeumia alikuwa Kasongo, mpakuaji wa mizigo wa Bangwe, kijana aliyezaliwa na watu waliovuka ziwa kutoka Kongo. Alikuwa mlangoni mwa behewa na mfuko wa saruji begani. Walimkata mguu wa kushoto chini ya goti.

Wakubwa watatu wa reli walikuja kuuliza. Baba hakuweza kukitaja kitambaa, kwa sababu angekitaja wangeuliza nani alikitoa. Akasema, "Nilisahau." Wakamwambia mtu aliyefanya kazi ile miaka yote hasahau hivi hivi. Akarudia, "Nilisahau." Barua zake za kuomba pete zikatafutwa kwenye mafaili, hazikuonekana hata moja. Mwisho waliandika kwamba alikuwa amelewa. Baba yangu, aliyekuwa akiswali swala zote tano na kukataa hata togwa iliyolala, akaachishwa kazi kwa ulevi. Mama alirudi kutoka Kalinzi akaikuta habari imeshazunguka mji. Nakumbuka alivyosimama mbele ya baba jikoni, sauti ndogo kabisa.

"Baba Zuhura, sema na mimi tu. Ulikunywa?"

"Wameshaandika."

"Mimi sikuulizi walichoandika!"

Baba akatoka nje akaenda kukaa na kuku. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, mdomo wangu umejaa ukweli, na nikaumeza wote.

Toka hapo baba alikamua mawese kwenye kinu cha mjomba, mikono iliyozoea chuma ikawa myekundu mpaka kwenye kiwiko. Watoto wa mtaa wakamtungia wimbo. Mmoja anaanza, "Treni hiyooo!" na wengine wanaitikia, "Mlevi kalala!" Nami naandika hili kwa sababu nikiliacha nitakuwa nimedanganya: siku moja tulikuwa tunatoka kuchota maji, wote wakaimba, na niliogopa kuonekana tofauti. Niliitikia. Baba alikuwa anapita na madumu yake. Alinitolea salamu yetu ya Kiha kama kawaida, "Mwakeye, mama," akaendelea na safari.

Nilipomaliza darasa la saba nilimwambia kwamba nataka kwenda kusema. Alikuwa anachuja mafuta. Hakuacha kuchuja.

"Useme nini? Kanuni ilinitaka nichungulie dirishani kabla sijavuta. Sikuchungulia. Niliangalia mpini nikauona uko wazi. Hiyo kazi ilikuwa yangu, si ya mtoto."

"Lakini hukulewa, baba."

"Mungu anajua."

"Watu je?"

Akacheka kidogo. "Watu wana mambo yao, Zuhura."

Amefariki mwaka huu. Matanga yake yalijaa, wanaume wakakaa kwenye mikeka, na nilipokuwa napitisha vikombe nikasikia mmoja akimwambia mwenzake, kwa upole wote, kuwa marehemu alikuwa mtu mwema sana, ila ile chupa tu. Nikamwekea sukari, nikamkorogea.

Sasa wanasema reli mpya inakuja hadi Kigoma, na treni yake itafunguliwa njia na mashine, bila mkono wa mtu. Mipini minane imekatwa na kuuzwa chuma chakavu, na kibanda kimebaki nguzo mbili zenye majani. Nafurahi kwa hiyo mashine, sisemi uongo. Nimeota nikipanda treni hiyo nikiwa nimekaa dirishani. Lakini mashine hiyo haitakubali kuitwa mlevi ili mtoto wake alale, na mimi niliyelalishwa hivyo nimekuwa mtu mzima ninayechekesha wateja wangu wa vitenge kutwa, huku nikijua mji mzima umemzika baba yangu na jina lisilo lake. Zamani tulikosa pete moja tu ya chuma. Siku hizi sijui tunakosa nini, ila naona aibu zaidi kwa kunyamaza kwangu.

Nilimwambia mjomba nataka kwenda Bangwe. Akasema, "Mwache marehemu apumzike, wewe." Mama aliendelea kuchambua mchele. Basi Ijumaa baada ya swala nilifunga meza yangu ya vitenge nikaenda mwenyewe. Kasongo anachaji simu za watu kwenye kibanda cha mabati, gongo lake la kutembelea limeegemezwa mlangoni. Alinitambua.

"Ah, mtoto wa mzee wa treni! Pole na msiba, dada. Vuta kigoda, kaa."

"Shikamoo. Sitakaa kwanza."

Akapunguza redio. Nikasema nikiwa nimesimama, mikono yote miwili ikiwa wazi, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wale waliokuwa wakingoja simu zao: baba yangu hakuwa amekunywa, kitambaa cha kuukataza mpini nilikitoa mimi. Sikukimbia. Nikabaki pale nikimngoja aseme analotaka kusema.