Skii za Nyumba Nzima

Nakumbuka siku moja kwa magoti, mwanangu Ifrah, wala si kwa kichwa. Wewe hukuwa umezaliwa, na Birmingham tulikuwa tukiisikia tu kwa watu. Tulikuwa tumetoka Eastleigh kwenda Norway, mimi Eeddo wako, yaani shangazi, kaka yangu Yusuf ambaye ni baba yako, na mama yetu, tukakuta theluji haibishi hodi.

Bibi yako alikuwa na sheria moja: kinachonunuliwa ni cha nyumba nzima. Koti moja tulilivaa kwa zamu. Viatu vya Yusuf vilijazwa pamba mbele ili nami nivivae. Basi mjomba wetu Bashir, aliyetutangulia kule, aliposema atanipeleka kuvuka mlima kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, mama alinunua jozi ya kumfaa Yusuf, ambaye hata wakati ule alikuwa na mwili wa kubeba magunia. "Zikimtosha mzito," alisema, "mwepesi hashindwi."

Asubuhi ya safari Mjomba alizibonyeza katikati kwa kiganja, akakunja uso.

"Dada, hizi ni ngumu kwa huyu."

"Atazizoea. Nendeni, jua lisiwaache."

Mjomba akanyamaza. Kwetu, kama ujuavyo, dada mkubwa habishiwi.

Bondeni nilitamba kweli. Shida ilianza mlimani. Skii, mwanangu, imepinda katikati kama upinde, na chini ya wayo ina magamba kama ya samaki. Ukisimama, uzito wako unayakandamiza, yanashika theluji, unapanda. Uzito wangu haukuyafikisha chini. Nilipiga hatua moja, nikateleza nyuma mbili. Nikazivua nitembee kwa miguu, nikazama hadi mapajani. Upepo ukaanza kuvuma, na kibanda cha kulala wasafiri kilikuwa ng'ambo ya kilele. Niliogopa. Kuanguka sikukujali, niliogopa kwa sababu nilijua Mjomba hataniacha, na tungegandia pale sote wawili.

Akaniuliza, "Mama amekufungia leso?"

Swali gani hilo! Binti gani wa kwetu hutoka nyumbani bila leso? Akaitoa begini, akaishika kwa meno, akairarua vipande viwili. Kila kipande akakizungusha kwenye skii moja, chini ya wayo, akakaza fundo. Nikakanyaga kwa woga. Haikuteleza. Tukapanda polepole, mimi nikisoma kila dua niliyofundishwa na nyingine nikizitunga mwenyewe, mpaka tukaona moshi wa kibanda. Wallahi, sijawahi kupenda moshi kama siku ile. Nilicheka, nikalia, nikacheka tena.

Mjomba alinipa chai kwanza, ndipo akasema, na ukali wote akajielekezea mwenyewe: "Kitu cha kupita njia nyingi si kitu cha kuvaliwa na watu wengi. Nililijua hilo asubuhi, nikanyamaza kwa heshima. Nimemheshimu dada yangu hadi nikakaribia kumpotezea binti."

Tuliporudi nilimpa mama vile vipande, nikangoja ngurumo. Akavitazama, akakaa chini, akanivuta kifuani. "Alhamdulillahi," alisema. "Leso zinauzwa." Baada ya dhiki, faraja, na yangu ilinukia udi wake.

Sasa majuzi uliniambia unakwenda milimani na wenzako, na kwamba binamu yako wa mtaa wa Longbridge, hapa hapa Birmingham, atakuazima zake. "Eeddo, they're basically new, yaani ni kama mpya! Na ni za bure!" Nikakujibu: mwanangu, mtumai cha nduguye hufa maskini, na nguo ya kuazima haisitiri matako. Samahani, wahenga ndio walioongea hivyo. Binamu yako ni mara mbili yako. Mwambie umeghairi, na umshukuru.

Tafuta zako. Zipimwe kwa uzito wako ukiwa na begi mgongoni, maana begi nalo linapanda mlima. Upana uwe wa kadiri: zikiwa nyembamba mno utazama kwenye theluji laini, zikiwa pana mno hazitaingia katika njia iliyochongwa thelujini. Uchague zenye magamba chini, na ukingo wa chuma kwa siku ya barafu. Na buti likubane kifundo bila kuumiza vidole. Hapa pamba haisaidii. Hizo zitakufaa bondeni, msituni na mlimani, lakini zikufae wewe. Na ukiona mkubwa anakosea jambo la kuhatarisha roho, mwambie kwa adabu, kisha mwambie tena. Heshima haikuumbwa iwe kimya.

Juzi jioni uliponijibu, "Sawa Eeddo, I'll get my own," yaani utatafuta zako, nilishusha pumzi iliyokuwa imenikaa kifuani wiki nzima.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie mlimani, akufuate mteremkoni, akurudishe kituo cha mabasi cha Digbeth ukiwa mzima, nami nitakuwa nimesimama pale basi litakapoingia. Chini kabisa ya begi utaikuta leso ya bibi yako. Nilivishona vile vipande vikawa kimoja. Ikibidi, irarue.