Damu Ni Maji Baridi

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alikuwa mpiga pasi, na mpaka leo sijaona wa kumfikia. Shuka za hoteli alizikunja pembe kwa pembe mpaka mtu ukaona haya kuzilalia. Tulifanya kazi kwa dobi mmoja; mimi nilikuwa upande wa kufua, yeye upande wa pasi, na katikati yetu palikuwa na dirisha la kupitishia nguo na utani.

Basi hedhi ikamkoma, na joto likaanza. Lilimpanda kifuani hadi utosini bila hodi, jasho likamdondoka kidevuni likaangukia nguo ya mtu. Siku moja liliangukia gauni la hariri likaacha alama isiyotoka. Msimamizi akamwambia nguo nyingine ikiharibika atafute pa kwenda. Kaka yangu alikuwa nyumbani na mgongo wake mbovu, na wifi hakujua kazi nyingine. Kliniki walimwambia ni umri tu, atazoea. Nani anazoea kuungua?

Mteja mmoja akatuelekeza kwa mama wa Kichina mwenye duka la mitishamba nyuma ya soko. Nilimsindikiza. Mama yule alimshika vifundo vya mikono, kulia kisha kushoto, akatulia kama anayesikiliza mlangoni, halafu akamwambia atoe ulimi.

"Nimeolewa, nimezaa," wifi akaninong'oneza, "hakuna aliyewahi kuniomba ulimi."

"Siku zako zilikatika lini?" mama akauliza.

"Huu mwaka wa pili."

Mama akapima mizizi na magome, akafunga kwenye karatasi. "Ukiona damu tena, hata tone, acha dawa. Usirudi kwangu. Nenda hospitali."

"Sawa, mama."

Nilisikia kwa masikio yangu mawili, kwa hiyo asitokee mtu wa kumlaumu Mchina wa watu.

Dawa ilichemshwa kwenye chungu cha udongo, si sufuria. Inachemshwa mara mbili, maji ya kwanza yanachanganywa na ya pili. Nyumba nzima ilinuka kabati lililonyeshewa. Kaka akauliza kama tunapika viatu. Ilikuwa chungu kama shubiri, lakini wifi aliinywa bila kukunja uso, na joto likapungua. Labda ni dawa, labda lilikuwa linaondoka lenyewe, sijui. Nilichokiona ni kwamba alilala, akasimama mezani mkavu, na msimamizi akaacha kumzungukazunguka. Akaanza hata kuimba.

Halafu nikamkuta kwenye bomba la pembeni, anafikicha kitambaa. Sisi wafuaji tunajua damu ni maji baridi. Ukiitia moto inaganda kwenye nguo na haitoki tena. Nilimwona pale siku hiyo, nikamwona tena kesho yake.

"Wifi, umejikata?"

Akatabasamu. "Siku zangu zimerudi. Dawa imenirudisha usichana. Mwambie kaka yako ajiandae."

Sikucheka. "Yule mama alisema nini kuhusu damu?"

"Alisema niache dawa niende hospitali." Akakamua kitambaa. "Nikiacha, joto litarudi. Likirudi, kazi imekwenda. Damu nimeishi nayo tangu nikiwa msichana, itanifanya nini?"

Nilipandwa na hasira, tukagombana mpaka wenzetu wakaja kutuamua. Nikamwambia kaka, akasema mambo ya wanawake hayamhusu. Nikaenda kwa yule mama, naye akakataa kumuuzia tena. Wifi akanununia, akapata duka jingine lenye vifuko vilivyokwisha kufungwa, ambako hakuna aliyetaka kuona ulimi wake. Akaendelea kuimba mezani, na bombani akaendelea kwenda.

Alianguka pasi ikiwa mkononi. Hospitali wakasema ni saratani ya mfuko wa uzazi, na imekwisha kutambaa. Daktari hakugomba. Alisema tu kwamba angekuja damu ilipoanza, wangekuwa na la kufanya, kisha akaangalia saa yake. Meza ya wifi ikapewa mtu mwingine wiki hiyohiyo.

Watu wanaokuja kumwona wananitajia mficha maradhi na kilio kinachomuumbua. Nimeichoka hiyo methali. Hakuwa akificha maradhi, alikuwa akilinda kazi yake, na sasa hana kazi wala mwili.

Yuko nyumbani, mifupa mitupu. Kaka anakaa mlangoni. Joto lile halijarudi hata mara moja. Anatetemeka mchana kutwa, jua likiwa kali nje, na blanketi zote za nyumba ziko juu yake.

"Wifi," aliniambia jana, "niletee shuka iliyotoka pasini."

Nikaipiga palepale chumbani, juu ya meza ya kulia, nikamwekea kifuani ikiwa bado inafuka. Akaipapasa kwa vidole, akatafuta ncha.

"Pembe hazijakutana."

"Mimi mfuaji, wifi. Nisamehe."

"Rudia. Na uongeze moto."

Nikarudia mpaka pembe zikakutana. Akazigusa, akaridhika, akafumba macho. Nilipomfunika alikuwa bado anatetemeka.